Blanketi la Mbulumbulu

Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, nilitembea kando ya kijito huko Mbulumbulu na bibi mmoja mtalii kutoka Uingereza pamoja na mwongozaji wake. Bibi alivaa fulana ya mikono mifupi. Mama aliyekuwa akifua kijitoni alimtazama, akavua blanketi lake na kumfunika mabegani.

"Mwambie bibi ataugua," alimwambia mwongozaji.

Bibi akajibu kwamba kwao baridi ni kali zaidi.

"Kwao ni mbali," mama akasema.

Akatusindikiza mpaka darajani, na bibi hakuthubutu kulivua. Kwenye kuagana mama alilipokea blanketi, akalipapasa, akakuta limelowa jasho.

"Mpeleke zahanati," akamwambia mwongozaji. "Homa imeshaanza."

Ukarimu wetu haukubali kushindwa.