Pavingi Nilizozipeleka Njombe

Mzee aliyezipanga pavingi zile aliamini kwamba kosa lilikuwa lake, na mimi nikamwacha aamini hivyo. Naanza na hilo kwa sababu nikianzia kwingine nitajikuta najitetea.

Nilikuwa msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda kidogo cha matofali na pavingi, vile vitofali vya zege vya kutandika njia, Makambako. Bidhaa zetu hazikuwa za kumwagiliwa maji wiki nne kama za wengine. Tulizipanga ndani ya kontena, tukafunga mlango wenye mpira pembeni usiopitisha hewa, kisha tukafungulia mitungi ya hewa ukaa. Gesi ile huingia ndani ya zege bichi, ikashikana na simenti na kugeuka sehemu ya jiwe. Siku moja tu, jiwe limekomaa. Kwa hiyo simenti tuliweka kidogo kuliko wenzetu. Wageni wakija niliwaeleza hayo yote mkono ukiwa juu ya kontena, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Nilikuja pale na cheti cha chuo, lakini zege nilifundishwa na yule mzee. Alikuwa fundi wa kabila la Wabena, mtu wa maneno machache, ambaye kiwanda kilimpa kazi za kupanga pavingi kwa wateja. Miezi yangu ya kwanza aliniona nahangaika na vipimo, akachota mchanganyiko, akaubana kiganjani mwangu kwa mikono yake miwili.

"Umesikia? Huu una maji mengi. Mkono wako utakwambia mapema, mwanangu, kabla ya karatasi."

Baadaye alikuja mama mmoja kutoka Njombe, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Ilembula. Mume wake alikuwa amepooza upande mmoja na alitumia kiti cha magurudumu. Nyumba yao iko kwenye mteremko wa udongo mwekundu.

"Mvua zikianza, mume wangu hatoki mpaka ziishe," aliniambia. "Nikimsukuma, magurudumu yanazama. Kanisa liko pale pale, anasikia watu wanaimba, hawezi kwenda. Nataka njia ya kutoka mlangoni mpaka getini, basi."

Nilimwahidi kwamba atapata pavingi ambazo wajukuu zake watazikuta.

Wakati huo mpira wa mlango wa kontena ulikuwa umechanika kona ya chini. Nilikuwa nimeuona wiki mbili kabla. Niliandika kwenye daftari langu kwamba ubadilishwe, nikapiga mstari chini yake, nikaendelea na mengine. Asubuhi ya kupakia mzigo wa yule mama nilikuta mshale wa kipimo umelala sifuri. Gesi yote ilikuwa imetoka. Nikachukua pavingi moja, nikaipasua, nikaipulizia dawa ya kupimia, ileile tuliyotumia maabara sekondari kujua asidi na besi. Pale gesi ilipofika, jiwe hubaki kijivu. Pale isipofika, hugeuka pinki. Ile pavingi iligeuka pinki karibu yote.

Lori lilikuwa limeshapakiwa na kuwasha injini. Mzee alikuwa ameshatangulia Njombe kushindilia mchanga. Na saa nne bosi alikuwa anakuja na wageni kuwaonyesha kontena langu. Kusimamisha lile lori kulimaanisha kusema mbele yao kwamba niliuona mpira umechanika nikaunyamazia. Vile vipande vya pinki nilivitupa kwenye rundo la kokoto, nikavifunika kwa mguu. Nikamwambia dereva aende.

Mvua zilipokolea, yule mama alipiga simu. Tulikwenda mimi na bosi, na mzee akaitwa. Njia ilikuwa imemomonyoka. Kona za pavingi zilisagika vidoleni ukizigusa, na katikati palikuwa na shimo ambapo gurudumu lilizama na kiti kikapinduka. Baba wa nyumba alikuwa amekaa barazani amefunikwa blanketi, bega limefungwa. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumjulia hali.

Bosi akanigeukia. "Tatizo ni pavingi, au ni upangaji?"

Wote walinitazama. Niliinama, nikainua pavingi moja, nikaigeuza kama naichunguza. Nilijua jibu tangu siku lori lilipoondoka.

"Ni mchanga wa chini," nikasema. "Haukushindiliwa vizuri. Maji yametuama, yakaziozesha kwa chini."

Nilisema kwa ufasaha. Nilitaja hata vipimo.

Bosi akamwambia mzee, "Miaka yote hii tunakupa kazi, ndiyo hivi?"

Mzee alipiga magoti kwenye tope, akaubonyeza mchanga kwa dole gumba, hapa na pale. "Nilishindilia," alisema taratibu. Akabonyeza tena. "Lakini msimamizi amesoma. Labda nilikosea."

Kisha akainuka, akavua kofia, akaenda mpaka barazani na kumwambia yule mgonjwa, "Nisamehe, mzee mwenzangu."

Mgonjwa, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, aliinua mkono wake mzima. Mimi nilikuwa natazama geti.

Kazi hakupewa tena. Nilikutana naye miezi michache baadaye sokoni Makambako, amebeba mfuko wa mbegu za maharage. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani kwetu Mlangali. Nikamuuliza habari za kazi.

"Nimeacha," alisema. "Kamba na pima maji nimemwachia mtu. Nadhani macho yameanza kunidanganya. Hata banda la nguruwe nililosakafia nyumbani, nililivunja kona nione kama nilishindilia. Nilikuwa nimeshindilia. Ila sasa sijiamini."

Nikamwambia pole. Neno hilo nililitamka kwa kinywa changu, pole, kana kwamba maradhi yale yalitoka kwa Mungu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake. Tulikaa kwenye kibenchi nje ya jiko, nikamweleza kila kitu: mpira, mshale, rangi ya pinki. Alisikiliza akiyatazama magoti yake.

"Ulijua kabla lori halijaondoka?"

"Nilijua."

"Na siku ile kwa yule mama, ulipokuwa unasema mchanga, ulijua?"

"Nilijua, baba."

Akaigeuza mikono yake, akaitazama viganjani, halafu mgongoni. "Kwa hiyo nilimwomba mgonjwa msamaha kwa kosa lako."

Mke wake alikuwa anatoka na vikombe vya chai. Mzee alimwambia kwa upole, "Rudisha, mama. Huyu anaondoka." Nikasimama. Alipoona nimefika njiani akaniita. "Ukaseme palepale uliposemea. Na walewale wawepo."

Nikasema palepale, walewale wakiwepo, mzee amesimama kando ya ukuta. Bosi aliniondoa usimamizi hapohapo. Lakini yule mama ndiye aliyenimaliza. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mimi nimemsema vibaya huyu mzee kwa akina mama wenzangu. Nimewaambia wasimpe kazi. Na wamenisikia." Akakaa chini, akafunika uso kwa kanga.

Mume wake akahangaika na neno kwa muda mrefu. "Apange... yeye," akasema, akimnyooshea mzee kidole.

Kiwanda kilitoa pavingi nyingine, zilizokomaa sawasawa. Mzee alizipanga kwa siku nne na pima maji ya kuazima. Niliomba nisukume toroli, akakubali. Katika siku zote nne aliniambia maneno mawili tu, "lete" na "hapo". Alipomaliza, aliipita njia nzima kwa miguu, akaipiga kisigino kila hatua, akaondoka bila kuaga.

Nasikia yule baba sasa huenda kanisani hata mvua zikinyesha. Bosi alimfuata mzee mara mbili kumrudisha. Alikataa, anafanya kazi na watu wengine hukohuko Njombe.

Mimi bado nipo Makambako, kwenye kupanga na kupakia. Wafanyakazi wapya wakiniuliza kwa nini niliondolewa usimamizi, huwa nawaambia bila kuficha. Hata pale mzee alipovua kofia siparuki. Namalizia mpaka mwisho, kisha narudi kupakia.