Nilivyoitamani kengele ya kigango ili niwe mhunzi: yaliyonikuta Mgeta

Wakuu, salaam kwenu, na waliotutangulia umri shikamooni.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nacheka na kuondoka. Leo nina la kwangu. Ni kweli tupu. Mkiona pahala pana chumvi nyingi, mjue ni pale mjomba wangu alipofungua mdomo, na yeye hata ndugu zake wameshindwa kumdhibiti.

Kabla hamjaanza kuniita "kaka", mimi ni binti. Mluguru, nimekulia Kihonda, Morogoro mjini. Na ni mhunzi.

Ndiyo, mhunzi. Wa moto na nyundo.

Ilianza hivi. Nilimaliza shule nikakaa nyumbani kusubiri mambo yaeleweke. Mambo hayakueleweka. Siku moja katika kuperuzi nikakutana na video ya mzungu mwenye ndevu, anachukua springi ya gari, anaiweka motoni, anagonga, anatoa kisu. Nikatazama tena. Nikatafuta nyingine. Nilikuja kushtuka bando limekata na maharage yameungua.

Kuna watu wanapata wito wa upadri. Mimi nilipata wito wa nyundo.

Nikaanza kukusanya vifaa. Nyundo nilipewa na fundi ujenzi kwa jirani, ilikuwa imevunjika mpini, nikachonga mwingine wa mpera. Chuma cha moto nilishika kwa plaizi ya fundi umeme, ile fupi, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa vinaiva pamoja na chuma. Tanuri lilikuwa karai bovu nililolikandika udongo wa kichuguu.

Sasa upepo. Moto wa mhunzi bila upepo ni moto wa kuchomea mahindi.

Dada yangu ana saluni. Ana drayer ya kukaushia nywele.

Wakuu, naomba niseme kwamba ile drayer ilifanya kazi vizuri sana. Mkaa uliwaka mpaka ukawa mweupe. Kisha mdomo wa drayer ukaanza kuinama taratibu kama unasali, ukadondoka ndani ya karai. Harufu ilifika mtaa wa pili. Na kesho yake dada alikuwa na bibi harusi.

Mama hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Kesho unakwenda Mgeta kwa mjomba wako. Ukapalilie kabichi. Labda ile baridi ya mlimani itakurudishia akili."

Ila mama alisahau kukagua begi. Chini ya masweta kulikuwa na nyundo, plaizi na karai.

Mjomba Gaspari ni kaka yake mama, analima kabichi na karoti kwenye mteremko ambao ukiangusha sufuria unaifuata kwa jirani. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti, kwa hiyo alipofungua lile begi nikasogea karibu na mlango.

Akatoa nyundo. Akatoa plaizi. Akatoa karai.

"Mpwa wangu," akasema, "mama yako ameniambia unakuja kupumzika. Hakuniambia kwamba umehama na gereji."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwisho akanionesha kona nyuma ya jiko, jirani na banda la nguruwe. "Fanyia hapa. Ukiunguza banda, utalala na nguruwe wakueleze hasara yao."

Nikaanza upya. Upepo safari hii nilitengeneza mvukuto wa ngozi ya mbuzi kama wahunzi wa zamani. Nilijivunia sana, mpaka mbwa wa jirani waliponusa ile ngozi. Niliwaona kwa mbali wanakimbia na mvukuto wangu bondeni, huku wanaugombania. Nikashona mwingine wa kiroba cha mbolea. Huo hakuna mbwa aliyeutaka.

Kikabaki kitu kimoja: fuawe. Hilo ni lile pande la chuma ambalo mhunzi anaweka kazi yake juu na kuigonga. Bila fuawe unagonga hewa. Nilijaribu jiwe kubwa la mtoni. Likapasuka pigo la kwanza, kipande kikampita jogoo wa mjomba sikioni. Yule jogoo hakuwika tena siku ile.

Kila mtu mtandaoni alisema anayeanza atafute kipande cha reli. Nilikuwa nimeshaulizia mjini kwa wauza skrepa. Mmoja akanijibu, "Dada, ukikutwa na reli utajieleza mpaka utaje jina la babu wa babu yako." Nikaachana nayo.

Jumapili nikaenda kanisani kigangoni na mjomba. Tumefika uwanjani, nikasikia kengele inagongwa. Nikainua macho.

Kengele ya kigango ilikuwa kipande cha reli. Kinene, kirefu kama mkono, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mti. Wazee wanasema kilipandishwa mlimani mabegani mwa watu enzi za wamisionari.

Watu wanapiga ishara ya msalaba, mimi nameza mate.

Baada ya ibada nikamfuata katekista, Mzee Venansi, ambaye ndiye anaongoza Jumapili zote ambazo padri hajapanda.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, binti. Unataka kuungama? Padri anakuja mwisho wa mwezi."

"Nimekuja kuhusu kengele."

Nikamweleza. Akaitazama ile reli kama anamtazama mtoto wake anayeposwa na mlevi. Akasema kengele ile imebatiza watu, imewaozesha na imewazika.

"Basi sasa ipumzike," nikasema. "Nitakuletea nyingine yenye sauti kubwa kuliko hii."

Akashusha pumzi ndefu. "Wazee wa kigango watasemaje? Labda ungetutengenezea na bawaba za mlango."

Nikakubali.

Akashusha pumzi nyingine. "Na majembe ya shamba la kigango, yote yamekuwa butu..."

Nikakubali. Kila alivyohuzunika, kazi zangu ziliongezeka, na mimi nakubali tu huku nacheka moyoni. Nilijiona mjanja kupindukia. Mzee wa watu hajui anachokitoa!

Kengele mpya niliipata kwa dereva wa Fuso linalobeba kabichi kwenda Dar. Alikuwa na ringi kuukuu ya gurudumu anayoitumia kuzuia tairi kwenye mteremko. Nikamchongea gogo zuri la kuzuilia, akanipa ringi.

Tukaitundika. Katekista akaigonga: ngooo! Sauti ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Watu wakapiga makofi. Mjomba na vijana wawili wakaniteremshia reli hadi nyumbani, tukaikaza juu ya kisiki cha mkaratusi.

Nilipogonga chuma cha moto juu yake mara ya kwanza, nyundo iliruka yenyewe kama imefurahi, na chuma kikatii. Wakuu, nilitoa machozi. Mjomba akasema ni moshi. Haukuwa moshi.

Sasa sikilizeni balaa.

Ng'ambo ya bonde kuna shule ya msingi. Nayo ina kengele. Kengele yake ni ringi ya Fuso.

Katekista huwa anagonga saa sita mchana kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana. Jumatatu akagonga. Ng'ambo kule wanafunzi wakasikia kengele, wakafunga madaftari, wakatoka. Walimu wakabaki wanaulizana nani amegonga. Jumanne vilevile. Nadhani Jumanne watoto walishajua, maana walikimbia.

Ukiwauliza, wananyoosha mikono juu: "Mwalimu, si tumesikia kengele?" Na kweli wameisikia.

Upande wetu ikawa kinyume. Jumapili iliyofuata kengele ikalia, watu wakaendelea kupalilia na kupika, wanasema watoto wanachezea kengele ya shule. Ibada ikaanza na watu wachache mno. Mama Fulgensia, jirani yetu muuza karoti ambaye hajawahi kukosa ibada, aliingia kwenye wimbo wa mwisho. Akasimama katikati ya kanisa akauliza kwa sauti, "Hii kengele ya nani? Ya Mungu au ya hesabu za magazijuto?"

Kicheko kilichotokea kingenifurahisha kama nisingekuwa mimi chanzo.

Siku hiyohiyo Mwalimu Mkuu wa ile shule alipanda mwenyewe. Mama mfupi, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi, akatukuta nje ya kanisa.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi kengele? Watoto wangu wana mtihani karibuni. Wiki hii nzima hawajasoma kipindi kimoja cha mchana."

Hapo kicheko kikakata. Mama Fulgensia akasema reli irudishwe mtini leo hii. Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akaongeza kwamba ndiyo maana zamani wanawake hawakuruhusiwa kusogelea tanuri la mhunzi, chuma kinakasirika.

Nilimwangalia katekista anitetee. Alikuwa anaangalia mawingu.

Nilikuwa nimeonja lile fuawe. Kuirudisha reli kulikuwa ni kurudi Kihonda mikono mitupu, nikakae saluni kushika taulo.

"Nipeni mpaka Jumapili ijayo," nikasema. "Nitawatengenezea kengele ambayo haifanani na yoyote. Nikishindwa, naibeba reli mwenyewe kuirudisha."

Madam akakubali, akisema siku hizo saa sita katekista asali bila kengele. Mama Fulgensia akakubali pia, kwa sababu alitaka kuniona nimebeba reli.

Wazo langu lilikuwa pembetatu. Chuma kimoja kilichokunjwa pembe tatu, kinalia sauti nyembamba, ya juu. Nikaomba vipande vitatu vya nondo nene vilivyobaki kwenye ujenzi wa ukuta wa kanisa.

Nondo ya kwanza niliipitiliza moto. Ikatoa cheche kama fataki, ikakatika. Ya pili ikateleza kwenye ile plaizi ya kipuuzi, ikanilamba mkono, kovu lipo, na yenyewe ikapinda ovyo. Nikakaa chini pale kwenye majivu, nguruwe wananitazama.

Mjomba akaja. Nilidhani atanitania. Akavua koti, akalowesha gunia, akashika upande wa pili wa nondo ya mwisho.

"Mjomba, kabichi zako?"

"Kabichi hazina miguu. Gonga."

Tukagonga. Yeye anashika, anapuliza, analalamika kuhusu moshi, mimi nakunja. Nilifunga pembe zote tatu zikashikana vizuri, nikaining'iniza, nikaigonga. Ikalia kama kijiko kwenye sufuria ya ugali.

Nusura niitupe bondeni. Mjomba akaikodolea macho. "Umeifunga mdomo. Umeona wapi mtu anaimba kafunga mdomo?"

Alikuwa anatania tu. Lakini nilirudi kwenye moto, nikaachanisha pembe moja kidogo, nikaigonga tena.

Tiiiing.

Nguruwe wakanyamaza. Mjomba akavua kofia.

Jumapili watu wakaisikia, wakaisifia, ila kipimo chenyewe kilikuwa Jumatatu, siku ya shule. Saa sita inakaribia, nusu ya kilima kimejipanga ukingoni, tunatazama ng'ambo. Madam tulimwona kasimama katikati ya uwanja wa shule, mikono kiunoni.

Katekista akagonga.

Tiiing. Tiiing. Tiiing.

Kwenye mashamba yetu wanawake wakanyoosha migongo, wakapiga ishara ya msalaba. Ng'ambo, mlango wa darasa la kwanza ukafunguka, kichwa kimoja kikachungulia, kikamwona Madam, kikarudi ndani.

Basi. Hakuna mwingine.

Madam akainua mkono mmoja juu. Upande wetu vigelegele vikapasuka, na aliyeanza ni Mama Fulgensia. Alipomaliza akanigeukia: "Inalia kama vikombe vya muuza kahawa wa stendi ya Msamvu. Lakini nimeisikia." Kesho yake akaniletea majembe yake yote ninoe, na panga la marehemu mumewe, ambalo aliniambia nikiliharibu nisipite mbele ya nyumba yake.

Maadui niliobaki nao ni wanafunzi. Nikikutana nao njiani wananiamkia kwa kununa.

Nilipomaliza bawaba nikazipeleka kanisani, nikamshukuru Mzee Venansi. Nikamwambia, kwa unafiki kidogo, pole sana kwa kuipoteza ile reli, mwenzake wa miaka yote.

Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto.

"Binti," akanong'ona, "ile reli imeniua bega. Kuigonga ni kama kupasua kuni. Kila mwaka naomba kengele nyepesi, wazee wananiambia vumilia, ni urithi. Ulipokuja na zile tamaa zako usoni, nikasema Bwana amesikia. Ningekukubalia haraka, ungeshtuka."

"Na bawaba? Na majembe?"

"Hayo nilijaribu tu bahati yangu."

Akaingia ndani, nikasikia mlango unafungwa taratibu kwa bawaba zangu, bila kulia.

Nilichojifunza, kwa vijana wenzangu mnaotaka kuanza kazi hii: usisubiri vifaa vyote vitimie, anza na nyundo moja na karai bovu, vingine utavipata ukiwa njiani umeshaungua. Tafuta koleo refu mapema kuliko nilivyofanya mimi. Drayer ya mtu iache saluni. Na ukienda kubadilishana kitu na mzee, akianza kushusha pumzi ndefu, jua wewe ndiye unayeuzwa.

Wahunzi wa humu naomba mnikosoe, hasa upande wa kuchovya chuma majini, panga la Mama Fulgensia limeanza kupinda na nyumba yake iko njiani. Wenye maswali ulizeni, nitajibu nikipata mtandao. Na anayekuja kuandika kwamba hii si kazi ya mwanamke, aje Mgeta na jembe lake butu. Nitamnolea kwanza, ndipo tubishane.