Uyoga Uliopewa Majina Mawili

Kazini walimwita Mama Bahasha. Alianza kutunza mimea mikavu ya chuo kabla hajaolewa, na sasa mjukuu wake alikuwa anaota meno. Chumba chake kilijaa kabati za chuma na harufu ya dawa ya wadudu, na kiti chake kilimuua kiuno.

Mwaka ule mkuu wake alimkabidhi bahasha zote za aina moja ya uyoga mdogo wa porini, wa rangi ya kutu, usiozidi kifungo cha shati. Watu waliokwisha kufa waliuchuma zamani, wakaukausha, wakautia kwenye bahasha na kuandika juu ya kila moja waliuchuma lini, wapi, chini ya mti gani. Yeye aliyaingiza maandishi hayo kwenye kompyuta. Wino ulikuwa umefifia, na wengine mwandiko wao ulikuwa wa kuku anayeparua. Misitu waliyoitaja siku hizi ni nyumba za kupanga na vituo vya mafuta. Alirudi nyumbani macho yanamwasha, hata mumewe akimsemesha hajibu mpaka arudie.

Alipomaliza, akaja mtafiti, binti mdogo tu, akaomba kuuona uyoga wenyewe. Mama Bahasha akafungua bahasha kongwe kuliko zote. Unga mtupu. Wadudu walishakula wakaenda zao.

Akaishusha bahasha mezani. "Nisamehe, mwanangu. Vitu hivi viko mikononi mwangu."

"Mama, hao wadudu huenda walikula kabla hujazaliwa. Hebu tuchungulie kwenye mikunjo."

Wakainamia karatasi na kibano hadi wakapata chembe za kufunika ncha ya kijiko. Binti akaondoka nazo kwenda kuzipima.

Majibu yalirudi wakati wa mvua: chembe zile hazikulingana na uyoga wa bahasha nyingine. Kumbe uyoga ule ulikuwa wa aina mbili, zilizofanana mno hata waliouchuma hawakuzitofautisha. Ikabidi kila bahasha ifunguliwe tena, ipimwe, iandikwe upya. Mkuu alimweleza huku akitazama viatu vyake.

"Yaani zote?"

"Zote, mama. Pole sana."

Akacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa hata hasira. Nyumbani alijitupa kwenye kochi na viatu vyake.

"Vipi, uyoga wenu umekufa?" mumewe akamtania.

"Umezaa mapacha. Na yaya ni mimi."

"Si uwaambie umechoka?"

"Nimechoka kweli. Lakini huyo wa pili, baba, hakuna aliyewahi kumwandika. Miaka yote amelala mle kwa jina la mwenzake."

Mume akasogea kwenye kochi. Akainama, akamvua viatu.

Kazi ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na hakuiona ikiisha. Alistaafu katikati yake. Mama Bahasha alimwonyesha aliyempokea kazi bahasha zilizobaki, akamwambia apumzishe macho kabla hayajamwomba, kisha akachukua mkoba wake, akashuka ngazi polepole.