Vipande vya Sahani ya Buluu Nilivyong'oa Shambani kwa Susu

Admin, tafadhali ficha jina langu na la shule. Mimi ni mvulana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Machakos. Si mtu wa kuongea sana, hata haya nimeyaandika kwanza kwenye daftari. Msinicheke kwa kitu ninachokusanya: vipande vya sahani za kale za Uingereza, zile nyeupe zenye picha za buluu. Darasani wananiita Profesa wa Vigae.

Nilianza kwa sababu ya Susu, nyanya yangu mzaa baba, anayeishi Katangi. Mama mkwe wake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye ranchi kule Konza, na mzungu huyo alipohama alimwachia sahani. Kabatini imebaki moja. Ina daraja, mti ulioinama na ndege wawili. Nikiwa mdogo nilimuuliza Susu ni nani aliyechora kwa mkono mtulivu hivyo. Hakujua, nikaanza kutafuta maktabani.

Nikajifunza kwamba picha haikuchorwa kwa mkono. Ilichongwa kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa rangi, likachapa karatasi nyembamba. Wanawake na wasichana waliibandika ile karatasi kwenye sahani, wakaisugua, wakaiosha, rangi ikabaki. Majina ya wenye viwanda yako nyuma ya sahani. Ya wale wasichana hayako popote. Jambo hilo lilinikaa moyoni sana.

Agosti iliyopita, nikikata nyasi za ng'ombe shambani kwa Susu, niliona ukingo wa buluu kando ya tuta moja. Nikachimba kwa kijiti. Vilikuwa vipande tisa, vimesimama wima udongoni kama meno, vikizunguka mahali padogo. Niliona ni ajabu, lakini furaha ilinizidi. Nikang'oa vyote. Nyuma ya kimoja palikuwa na alama ya kidole gumba, ya buluu, iliyochomwa tanuruni pamoja na sahani. Kilikuwa kidogo kuliko changu. Nilihisi nimempata mmoja wa wale wasichana! Nilivipa vipande nambari, nikaandika unene, rangi, kila kitu. Mahali sikuandika. Mwalimu wa historia alinisifu mbele ya darasa, na siku hiyo hakuna aliyenicheka.

Oktoba, kabla ya mvua, anko wangu alivunja matuta ya zamani na kuchimba mapya, na mahali nilipong'oa vile vipande pakapotea.

Desemba tulikuwa tunakula chakula cha mchana wakati Susu aliposema, "Nikifa mnilaze kando ya Mwende." (Jina nimelibadilisha.)

Anko akacheka. "Mwende gani tena, Mama? Na utakufa lini wewe, si utatuzika sisi wote?"

"Nyamaza, wewe mwenye tumbo. Ni dada yako. Alikutangulia."

Hakuna kati yetu aliyewahi kusikia habari zake. Susu akaeleza polepole, akishika kikombe. Mwende alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Baba mkwe wa Susu alikataa mtoto mdogo hivyo awekewe msalaba. Basi Susu akaivunja sahani aliyokuwa akilia chakula mtoto huyo, akasimika vipande kulizunguka kaburi, na kila msimu alilima akipazunguka.

Nikavihesabu moyoni: vilikuwa tisa.

Alitaka apelekwe siku hiyo hiyo. Macho yake sasa huona mwanga tu, kwa hiyo tulimshika mkono. Alipiga magoti akapapasa udongo kwa viganja, akasogea, akapapasa tena. "Alikuwa hapa. Mbona sigusi kitu? Nani amemtoa mtoto wangu?"

Kisha Susu akanigeukia. Nina jina la babu, kwa hiyo huniita mume. "Mume wangu, wewe ndiye uko na macho ya vitabu. Nitafutie."

Nikainama nikatafuta. Nilitafuta karibu saa nzima, nikijua viko Machakos, chini ya kitanda changu, ndani ya boksi la viatu.

Tangu hapo, kila nikifungua boksi, yule msichana wa Uingereza simwoni tena. Naona mtoto anayekula, na mahali alipo hapana alama tena kwa sababu yangu. Anko, asiyejua lolote, ameniambia, "Tafuta vigae vyovyote tusimike popote. Mama haoni, atatulia." Lakini mimi ninavyo vyenyewe! Nikivisimika, Susu atavipapasa na kuvitambua, atashukuru Mungu, na siku moja tutamlaza kando ya udongo mtupu. Nikisema ukweli, atajua ni mimi, mjukuu pekee anayemsikiliza na ambaye yeye humsikiliza, niliyempotezea mtoto mara ya pili.

Juzi alinipigia simu. "Mume wangu, umeona?" Nikajibu, "Bado, Susu."

Jumamosi tunafunga shule na nitaenda Katangi. Nyinyi mlio wakubwa, mliowahi kumwambia mzee jambo kama hili, nishaurini: nivisimike ninyamaze, au niviweke mikononi mwake niseme? Boksi nimeshalifunga kwa kamba. Vipande vinane viko ndani. Kile chenye kidole bado nimekishika ninapoandika haya.