Mituweli ya watu wawili

Wanangu mlioko mbali, kuna mtu nimewaficha. Anaishi nami hapa Kimisagara tangu mwaka jana.

Nasema leo kwa sababu moyo wangu umechoka. Daktari ananitaka hospitali wiki ijayo, na bila mituweli, ile bima yetu ya afya, siendi popote. Kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha.

Basi leo asubuhi nikajikongoja hadi kwa wakala wa bima.

"Mzee, nyumbani mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Akaniangalia. "Mituweli ni ya nyumba nzima, mzee. Ukimwacha mmoja nje, hata wewe hutibiwi. Na Mama Chantal?"

Mnamkumbuka, yule jirani yetu mjane. Alikuwa kando yangu, amenishika mkono nisianguke.

"Huyo ananisaidia kupika tu."

Foleni nzima ikacheka! Mama mmoja akadakia: "Mbona asubuhi anafagia kwako na kitenge cha kulalia?"

Mama Chantal hakucheka. Aliniachia mkono taratibu.

"Mwandike peke yake," akamwambia wakala. "Mimi nitaugulia kwangu."



Nikamshika tena mkono. Nikasema tuandikwe wawili, na tumeandikwa. Hospitali tunakwenda pamoja, na leo hata ngazi za kurudi nyumbani nimezipanda vizuri.

Niliogopa mtasema nimemsahau marehemu mama yenu. Sijamsahau. Semeni yenu hapa chini, nitasoma yote.

Padri alitufungisha ndoa kimya kimya mwaka jana, kwenye misa ya alfajiri. Mama Chantal ni mke wangu.