Karatasi ya 157

Cheka kwanza, nakupa nafasi. Umemaliza? Bon. Sasa sikiliza, maana mimi si mtu wa kuona mizimu kila mvua inaponyesha. Mimi ni mtu wa kuhesabu, na kila kitu nakihesabu mara mbili. Jambo hili nililihesabu mara nne, na jibu halikubadilika.

Ninauza vitabu vilivyokwisha kusomwa, katikati ya Kisangani, chini ya turubai, kwenye barabara inayoshuka mtoni. Siku hizi watu wanataka vita tu. Riwaya za mapenzi zimeungua na jua mpaka wapenzi wa kwenye jalada wamepauka kama wagonjwa, lakini kitabu cha vita hakilali. Vita vya Wazungu, vita vya jangwani, kumbukumbu za majenerali waliostaafu, chochote chenye ramani na mishale. Wanafunzi, makarani, hata mchungaji mmoja aliniuliza kitabu cha vifaru kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba pombe. Sisi tuliokimbia mizinga ndio tunaoisoma zaidi. Kwa nini? Ukijua, njoo unieleze.

Asiyeweza kununua anasoma hapo hapo, amesimama, kwa bei ndogo. Na hapo nina sheria yangu: nahesabu karatasi za kitabu mbele ya macho yako kabla hujasoma, na nahesabu tena ukirudisha. Wanafunzi wa mji huu wana vidole vyepesi. Wanachana ukurasa wanaoutaka na kukuachia kitabu chenye pengo.

Siku hiyo nilikuwa nimepata kitabu juu ya vita vya siku sita, vile vyetu, majeshi mawili ya kigeni yalipogombania mji usio wao juu ya vichwa vyetu. Kurasa 312, yaani karatasi 156. Asubuhi mama yangu alikiona, akaniambia nimletee jioni bila kukosa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakikupita kitabu cha vita hivyo mikononi mwangu bila yeye kukisoma. Ndani yake alikuwa akimtafuta mdogo wangu, Jérémie.

Hapa lazima nikwambie kitu ambacho mpaka siku hiyo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ya nne ya vita mabomba ya maji yalikuwa yamekauka, na mama akanituma mtoni kuchota kwa bidon ya njano. Nilikuwa na miaka kumi na minne na akili nyingi. Nikamtuma Jérémie, mwenye miaka kumi, kwa malipo ya biskuti. Alitaka tatu. Nikampunguzia mpaka mbili. Ndiyo biashara yangu ya kwanza. Hakurudi. Nikamwambia mama kwamba alinifuata njiani, na kwamba nilimwona akikimbia na majirani kwenye barabara ya Bengamisa. Tangu siku ile mama alikuwa akimsimamisha kila mtu aliyetoka Bengamisa na kumuuliza, na kila jioni akiweka sahani ya tatu mezani. Zaidi ya miaka ishirini, sahani ya tatu.

Basi. Saa saba mchana mvua ilishuka, ile ya kufanya mchana kuwa giza. Mama Sifa, jirani yangu anayechoma samaki na kuuza chikwange, ile mikate ya muhogo, alivuta jiko lake la makala, yaani mkaa, mpaka chini ya turubai langu bila kuomba ruhusa.

"Papa Buku, leo unahesabu hata matone?"

"Nahesabu chikwange zako. Kila wiki zinakonda."

"Eeh! Alphonse wangu alikuwa anakula tatu, analala, anakoroma mpaka majirani banahama."

Alphonse alikuwa mume wake. Alikufa siku ya pili ya vita vile. Haikupita siku bila Mama Sifa kumsema vibaya, na sote tulijua kwamba ndivyo alivyomlilia.

Kisha mtu alikuwa amesimama mbele yetu. Sikumwona akija. Shati lake lilijaa vumbi la matofali, vumbi kavu, kwenye mvua ile.

"Papa, iko na kitabu ya siku sita?"

"Niko nayo. Kusoma na kusimama, ile pia iko na bei. Donc, lipa kwanza."

"Siko na kitu."

Siku nyingine ningemfukuza. Lakini mteja mwingine hakuwepo, na mvua ilikuwa imekwisha kunishusha bei. Nikahesabu mbele yake: 156. Tena: 156.

Alisoma nje ya turubai, maji yakimpiga, na kitabu hakikulowa. Niamini au acha. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani wa taifa.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Sisi." Akafunua ukurasa. "Balihesabu mizinga yote. Balihesabu mpaka viatu ya baaskari. Sisi, hata mara moja."

Baada ya muda akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Bon. Sasa tuko ndani. Hatuna fasi ingine, papa."

Akaondoka kuelekea daraja la Tshopo, na vumbi lake lilibaki kavu mpaka mvua ikamficha.

Nikahesabu. 157. Nikahesabu tena. 157. Wewe umewahi kumsikia mwizi anayeongeza?

Karatasi ile ilikuwa kati ya ukurasa wa 208 na wa 209. Haikuwa na namba, lakini herufi zake zilikuwa zile zile za kitabu. Majina arobaini na moja, kila moja na siku yake na kazi aliyokuwa akiifanya mwenye jina saa ya kufa. Alphonse, siku ya pili, alikuwa anaziba dirisha kwa godoro. Na chini kidogo: Jérémie, miaka kumi, siku ya nne, anatoka mtoni, bidon imejaa. Biskuti moja mfukoni, nyingine amekula. Alitumwa na kaka yake.

Habari ya biskuti zile waliijua watu wawili tu duniani.

Nilisimama na karatasi ile mkononi mpaka Mama Sifa akaniuliza kama nimepigwa na baridi. Jioni mama angefika kwenye ukurasa ule. Ningesema nimekiuza? Angemsaka mnunuzi mtaa kwa mtaa, namjua. Alphonse nilimwona pia, sitakudanganya. Niliwaona wote arobaini na moja. Kisha nikafanya kile ninachowatukania wanafunzi: nikachana. Nikaikunja karatasi na kuitia kwenye jiko la Mama Sifa.

"Merci, Papa Buku, makala ililowa," akasema, akapepea. Ilichelewa kushika moto, halafu ikashika.

Nikahesabu kitabu: 156. Nikafurahi. Neno lenyewe ndilo hilo, nilifurahi.

Jioni mama aliweka sahani mbili.

"Mama, na ya tatu?"

"Tunangojea mugeni?"

"Ya Jérémie."

"Jérémie gani?" akasema, akaendelea kunipakulia mboga ya pondu.

Sikulala. Asubuhi nilikimbilia kwa Mama Sifa, nikamuuliza, kwa utani tu, Alphonse alikuwa anakula chikwange ngapi.

"Alphonse nani? We, ulikunywa mapema leo!"

Pete yake ya ndoa ilikuwa bado kidoleni. Siku hizi anaivua akiosha samaki na anasahau kuivaa.

Nilivumilia mwezi mzima, kisha nikamwambia mama yote: mto, bidon, biskuti. Nilitaka anipige. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Iko malaria, mutoto yangu. Mimi nilizaa mumoja tu." Mama amenenepa. Anaimba akifua. Watu wa Bengamisa wanapita mbele ya mlango na hawaulizwi kitu. Nimepata nilichokitaka, bila hata kupunguziwa: hakuna atakayenishtaki tena. Hakuna pia wa kunisamehe.

Kila mvua ya mchana naweka kitabu kile wazi na kumngojea mtu wa vumbi. Hajarudi. Jina la mdogo wangu nimeliandika ndani ya jalada la kila kitabu ninachouza, na wateja wanadhani ni jina la mwenye kitabu wa zamani.

Wewe unayependa vitabu vya vita, hesabu karatasi. Ukiikuta moja isiyo na namba, usiichane, hata kama wewe mwenyewe umeandikwa humo na ubaya wako. Isome kwa sauti, umwite jirani asikie, kwa sababu wale watu hawana mahali pengine. Na mimi siwezi tena kuaminiwa. Jana nilihesabu watoto wa mama yangu. Mara ya kwanza nilipata wawili. Mara ya pili nilipata mmoja, na ilinichukua muda kujua nilipokosea.

Kwa hiyo nishikie wewe. Jérémie, miaka kumi, bidon ya njano, ilikuwa imejaa. Biskuti mbili. Alitaka tatu.