Rafiki Yangu Anatubu Dhambi Niliyoiimba Mimi

Admin, nifiche tafadhali, maana huku kwetu wote tunafahamiana. Nina miaka 26, natokea Heru Juu, Kasulu. Niko kwaya ya kanisa tangu darasa la nne, sauti ya kwanza, na wimbo ukihitaji mtu wa kuuanzisha huwa naitwa mimi. Nimeposwa. Mchumba wangu ndiye mwalimu wetu wa kwaya, na harusi ni baada ya kuvuna maharage. Ukinitazama utasema huyu dada ana raha zake. Ila wiki ya tatu hii situlii. Nikikaa nasimama, nikishika jembe naliacha, juzi nimeunguza chakula mara mbili siku moja mpaka mama akauliza kama naumwa.

Ilianza Jumamosi moja ilipokuja bendi ya roki pale mjini Kasulu. Vijana wanne, wawili wa Kibondo na wawili Wakongo waliokulia kambi ya wakimbizi, wanapiga nyimbo walizotunga wenyewe. Nilikuwa nimewasikia kwenye simu nikawapenda vibaya mno. Kanisani kwetu mwanakwaya haendi kwenye muziki wa dunia, hata kusimama mlangoni ni kosa. Nilijua, msinihubirie. Nilimuaga mama kwamba naenda mazoezini.

Baridi ya huku jioni haina mchezo, na mtandio wangu ulikuwa haujakauka. Nikapitia kwa rafiki yangu, nimwite Eviana, akaniazima wake. Ni kitambaa cha sare ya kwaya, sote tunacho, ila wake ameufuma uzi mweupe pembeni, hakuna mwingine kama huo. Sasa oneni akili yangu: naenda kufanya kosa nimejifunika sare ya kanisa! Eviana akacheka, "Sha, nenda, ila usiniletee umechanika."

Jamani, ule muziki. Gitaa lilikuwa linakwaruza kama mtu anaburuta bati, ngoma zinakugonga kifuani, na katikati ya kelele zote wakaimba wimbo wa Kiha, taratibu, wa mtu aliyechoka kusubiri. Nililia. Kiitikio nilikishika mara ya pili tu, nikawa naimba kwa nguvu bila kujua. Yule Mkongo wa gitaa akaniona akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa. "Dada, weye unaimba muzuri. Kuya huku, kuya!" Nikapanda. Nikapewa kipaza sauti. Niliimba kwa dakika tatu hivi, na sijawahi kujisikia mzima namna ile, si kanisani, si popote. Nilirudi nyumbani mapema, hakuna aliyejua.

Jumatatu kipande cha video kikazunguka kwenye makundi ya simu. Kimepigwa kwa nyuma, sura haionekani, unauona mtandio kichwani na uzi wake mweupe, na unaisikia sauti. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi ilinisitiri vizuri kabisa, ikamvua mwenyewe. Wazee wa kanisa walimwita Eviana siku ileile. Nilikimbilia kwake nikamwambia naenda kusema ukweli. Akanishika mkono. "Oya. Wewe una posa, mimi nina nini? Nimeshasema ni mimi. Watanikaripia, yataisha."

Hayakuisha. Alisimamishwa kwaya, anakaa benchi la nyuma, meza ya Bwana haruhusiwi. Familia yao asili yao ni Burundi, walipata uraia zamani, yeye kazaliwa hapahapa, lakini ghafla nikaanza kusikia kisimani, "Si unajua tena watoto wa wakimbizi." Mama yake, ambaye hajawahi kukosa ibada, ameacha kuja. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale na ndoo yangu, nikanyamaza. Najichukia kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Kisha likaja lililoninyima usingizi kabisa. Mchumba wangu amenifundisha kuimba miaka saba. Nikikosea kidogo kati ya watu arobaini, ananisimamisha mimi. Nikajiuliza, ile video hajaisikiliza? Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Yule kwenye video si Eviana." Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo, akaendelea kupanga. Akasema, "Najua sauti yako. Niliijua siku ya kwanza. Watu wameona mtandio, basi, waache na mtandio wao. Unataka baba yako arudishe posa?" Nikamwuliza, "Na Eviana?" Akajibu, "Yule watamsahau."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekufanyia hisani. Wengine mtasema ananipenda, amenikinga. Labda. Ila tangu siku ile akinigusa bega naruka. Nawaza, siku moja ikitokea mimi ndiye wa kusahaulika, atapanga vitabu vilevile?

Tena niwe mkweli, kutubu maana yake ni kusema najuta. Najutia uongo kwa mama, najutia Eviana. Kule kuimba sijuti. Nikisimama mbele ya kanisa wataniuliza, na sitaweza kusema najuta.

Jumapili hii Eviana anaitwa mbele kutubu. Atapiga magoti na kuomba msamaha kwa wimbo ambao hakuusikia hata kwa mbali. Jana mchumba wangu ametoa ratiba ya ibada. Akimaliza kutubu, kwaya itaimba, na wa kuanzisha wimbo nimeandikwa mimi.

Wapendwa, zimebaki siku tatu. Mngekuwa mimi, mdomo ukifunguliwa pale mbele, mngetoa nini?